Kingamwili siyo leseni

Huku Reading tunachoogopa ni bili ya gesi tu. Nimetoka shifti tatu za usiku mfululizo, kwa hiyo mkiona nimeandika kwa ukali kidogo, ni usingizi unaongea.

Leo nina jambo la familia, ila naliweka hapa kwa sababu najua si la kwetu peke yetu. Binti wa kaka yangu, yule aliyemaliza uuguzi na sasa yuko kazini, kanitumia ujumbe: "Shangazi shikamoo. Kuna maabara hapa mjini wanapima kiwango cha kinga ya Korona. Wenzangu wawili wameshapima. Mmoja kaambiwa anayo nyingi, siku hizi hata barakoa havai akiingia kwa wagonjwa wa kifua. Mwingine kaambiwa imeisha, tangu juzi analia. Na mimi nikapime?" Chini yake kaweka bei, bei ya kulisha nyumba wiki nzima. Kabla sijajibu, kaka naye akadakia: "Si unaona? Wewe mwenyewe uliugua, ukaambiwa unayo, halafu ikaisha. Sasa machanjo na mavifaa yote hayo ya nini?"

Marahaba mwanangu. Jibu fupi ni kwamba hela ya kipimo situmi. Jibu refu ndilo hili, na kaka, tulia usome mpaka mwisho.

Kwanza huyo mwenzako asiyevaa barakoa. Hata angekuwa na kingamwili za Korona za kujaza ndoo, kifua kikuu hakizijui. Kingamwili ni kama ufunguo, unafungua kitasa kimoja. Huyo kapimwa kitasa cha mlango wa mbele akaenda kulala na mlango wa uani wazi. Mwambie leo hii, usingoje kesho.

Sasa habari yangu. Niliugua mwishoni mwa Machi 2020. Siku tano za homa, kisha wiki mbili chakula hakina ladha, hata pilipili nakula kama mkate. Wakati ule kupimwa tu ilikuwa bahati. Tarehe 21 Mei 2020 serikali ya hapa ikatangaza kwamba imesaini mikataba ya vipimo vya kingamwili zaidi ya milioni 10, na kwamba wafanyakazi wa afya na wa nyumba za wazee wataanza. Juni nikatolewa damu, jibu likaja: zipo. Januari 2021 nikapimwa tena, kipimo kilekile: hazipo. Hiyo ndiyo hadithi aliyoishika kaka yangu kama hati ya kiwanja.

Kaka, sikiliza kinachotokea ndani ya damu. Kirusi kikiingia, mwili unazalisha kingamwili kwa fujo, kama mvua ya masika. Madimbwi kila mahali. Ukipima wakati huo namba inapanda kweli kweli. Baada ya hapo zile seli za haraka zilizokuwa zinazalisha zinakufa, kazi yao imekwisha, na madimbwi yanaanza kukauka. Hivyo ndivyo mwili ulivyoumbwa. Ungekuwa unabakiza kiwango cha juu kwa kila mafua uliyowahi kuugua tangu utotoni, damu yako ingekuwa nzito kama uji wa ulezi.

Lakini madimbwi yakikauka, kisima kipo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, walichukua uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, kwa watu 18 waliougua Korona miezi 7 hadi 8 nyuma. Kwa 15 kati yao wakakuta seli zimejikalia humo zikitengeneza kingamwili za Korona polepole, bila kelele. Matokeo yakatoka Mei 2021. Walikuwa wakifuatilia damu za watu 77, na waliona namba inaporomoka haraka miezi 4 ya mwanzo, halafu inashuka taratibu, na mwezi wa 11 bado zinaonekana.

Fanyeni hesabu wenyewe. Kingamwili za aina hiyo, baada ya kama wiki 3 nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Miezi 11 ni kama wiki 48, maana yake umegawa nusu mara 16. Ingekuwa hakuna anayetengeneza mpya, ungebaki na sehemu 1 kati ya 65,000 hivi za ulichoanza nacho. Isingeonekana kwa kipimo cha kawaida. Kama bado zinaonekana, basi kuna kiwanda.

Na juu ya kisima kuna seli za kumbukumbu. Hizo nazifananisha na fundi cherehani aliyekushonea sare ya harusi ya dada: vipimo vyako viko kwenye daftari lake. Hashoni kila siku, lakini ukirudi hakuanzi upya na futi shingoni, anakata kitambaa palepale. Kipimo cha kingamwili kinahesabu nguo zilizotundikwa dukani. Daftari hakilioni.

Tena kuna jambo ambalo maabara nyingi hazimwambii mteja. Jibu la "huna" maana yake ni kwamba uko chini ya mstari uliochorwa na mtengenezaji wa kipimo hicho. Jirani akitumia kipimo cha kampuni nyingine, jibu laweza kuwa "unayo" kwa damu ileile. Vingine vinatafuta kingamwili za protini ya ndani ya kirusi, vingine za ile miiba ya nje ambayo kirusi hutumia kushika seli zetu. Na hizo mbili hazishuki kwa mwendo mmoja.

Hili tunalijua vizuri kwa sababu ya wafanyakazi wa afya wa Oxford, nusu saa tu kwa treni kutoka hapa nilipo. Hospitali za kule zilipima wafanyakazi wao tena na tena tangu mwanzo wa janga. Wakaona kingamwili za protini ya ndani zinafika kilele kama siku 24 baada ya kipimo cha kwanza cha pua kuonyesha kirusi, halafu zinapungua nusu kila baada ya siku 85 hivi. Zile za miiba zikadumu zaidi. Waliokuwa na dalili walipanda juu kuliko wasiokuwa nazo. Watu wawili waliougua wiki moja, wodi moja, chai wanakunywa kwenye birika moja, mmoja anaonekana "anayo" mwaka mzima, mwingine mezi sita tu kateremka chini ya mstari. Kumbe mara nyingi tofauti yao ni walipoanzia tu, yule alianza mlimani, huyu alianza kichuguuni.

Swali la maana ni hili: je, aliyekuwa nazo alikuwa salama? Oxford haohao waliwafuata wafanyakazi 12,541 kwa hadi wiki 31. Wasiokuwa na kingamwili za miiba walikuwa 11,364, na kati yao 223 wakaja kukutwa na kirusi. Waliokuwa nazo walikuwa 1,265. Wakakutwa wangapi? Wawili, na wote hawakuwa na dalili. Utafiti mkubwa zaidi wa hospitali za Uingereza nzima, ule uitwao SIREN, ambapo tulikuwa tunachokonolewa pua kila wiki mbili (sitaki kukumbuka), ulitoa matokeo Aprili 2021 kwa washiriki zaidi ya 25,000: aliyewahi kuugua alikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 84 kuliko asiyewahi, wakimfuatilia kwa wastani wa miezi 7.

Kwa hiyo kuugua kuliacha kinga, tena kinga nzuri. Hapo kaka ataruka juu. Subiri kwanza.

Asilimia 84 siyo 100. Na zile ni hesabu za watu maelfu kwa wakati mmoja, na aina ya kirusi iliyokuwepo wakati huo. Mwisho wa 2021 ikaja Omicron, iliyotangazwa kutoka Botswana na Afrika Kusini, imebadilisha miiba yake kiasi kwamba kingamwili za zamani zilikuwa zinaitazama kama mgeni. Krismasi ile kwenye wodi yetu waliougua 2020 waliugua tena. Wengi wao nyumbani siku nne na paracetamol, namshukuru Mungu, kwa sababu kisima na daftari vilifanya kazi yake. Lakini waliugua, na mtu akiugua anaambukiza.

SIREN wenyewe walirudi na takwimu nyingine mwaka 2022, kwa washiriki 35,768. Kinga ya aliyeugua bila kuchanja ilififia baada ya mwaka mmoja. Aliyeugua kisha akachanja alibaki juu ya asilimia 90, hata miezi 18 baada ya kuugua. Na waliochanja dozi mbili bila kuwahi kuugua, kinga yao dhidi ya kuambukizwa ilitoka asilimia 85 wiki za mwanzo ikashuka hadi 51 miezi sita hivi baadaye. Kaka, umeuliza chanjo za nini. Soma tena aya hii.

Oktoba 2020 magazeti ya hapa yaliandika vichwa vikubwa kwamba kinga inayeyuka. Walichukua utafiti wa Chuo cha Imperial cha London, uliopima watu zaidi ya 365,000 majumbani, ukaona wenye kingamwili wameshuka kutoka asilimia 6.0 mwezi Juni hadi 4.4 mwezi Septemba. Nafikiri ujumbe anaousambaza kaka kwenye kundi la familia, ule wa "kinga ni miezi mitatu tu", ni mjukuu wa vichwa hivyo. Ila ndani ya utafiti uleule kulikuwa na mstari ambao magazeti mengi hayakuupa nafasi: kwa wafanyakazi wa afya, hakukuonekana mshuko wowote. Watafiti walihisi ni kwa sababu sisi tulikuwa tunakutana na kirusi mara kwa mara. Wengine madimbwi yao yalikuwa yanakauka, sisi tulikuwa tunanyeshewa kila wiki.

Jambo hili linanikera mpaka leo. Namba zetu zilikuwa juu kwa sababu tulikuwa tunaachwa mvuani! Halafu watu wakazitazama namba hizo wakasema, ah, hawa hawahitaji mwavuli.

Nawapa mfano, hospitali siitaji. Baada ya majibu ya Juni 2020, msimamizi mmoja alikaa na karatasi yake akapanga shifti: wenye "zipo" upande wa wagonjwa wa Korona, wasio nazo upande mwingine. Akaona kapata dawa ya matatizo yake yote. Barakoa nzuri zilikuwa haba, kwa hiyo zikianza kugawiwa, sisi wenye "zipo" tunaambiwa tusubiri. Sasa tazameni nani alikuwa na "zipo". Wafilipino, Waghana, Wahindi, Wazimbabwe, na mimi Mbondei wenu. Wale wale tuliokuwa tumepangiwa huko tangu Machi, ndiyo maana tukaambukizwa. Yaani ulitumwa motoni kwa sababu uliungua, na uliungua kwa sababu ulitumwa motoni.

Nilimwuliza, sista, imeandikwa wapi? Kwa sababu maelekezo yaliyokuja na vipimo yalikuwa wazi kabisa: jibu lolote litakalotoka, kujikinga kunabaki palepale. Shirika la Afya Duniani lilishaonya tangu tarehe 24 Aprili 2020 kuhusu hivyo vinavyoitwa vyeti vya kinga. Hakuwa na jibu, alinitazama kama nimetukana. Ilibidi chama cha wafanyakazi kiingilie ndipo karatasi ile ikatoweka, na ilichukua wiki tano. Dada mmoja Mfilipino aliyekuwa na "zipo" aliugua tena Januari 2021. Yeye alipona haraka. Mume wake, ambaye hakuwahi kuugua, alilazwa siku tisa kwa oksijeni. Namba ya mke haikumkinga mume.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeushikilia tangu wakati ule. Kupima kingamwili kwa wafanyakazi wa afya ni kazi nzuri sana ikifanywa kwa wengi, kwa muda mrefu, na watu wanaojua wanachotafuta. Ndivyo tulivyojua kinga inadumu vipi, na ndivyo tulivyojua nani aliachwa bila ulinzi. Wakenya walifanya hivyo: kati ya Julai na Desemba 2020 walipima wafanyakazi wa afya 684 wa Nairobi, Busia na Kilifi. Nairobi ilionekana asilimia 43.8 wameshapitiwa na kirusi, Busia 12.6, Kilifi 11.5. Hiyo ni taarifa inayomwambia waziri apeleke wapi glavu. Nyumbani kwetu wakati ule takwimu zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509, tukabaki kuhesabu kwa misiba. Lakini namba hiyohiyo ukiichukua kwa muuguzi mmoja ukaifanya leseni ya kumwingiza chumbani bila barakoa, umeiharibu. Na ukiifanya sababu ya kumliza mwenzake aliyeambiwa "imeisha", umeiharibu mara ya pili. Huyo anayelia mwambie afute machozi, hajapoteza kitu ambacho kipimo kile kingeweza kukiona.

Virusi pia havifanani, msije mkachukua haya ya Korona mkayapaka kila mahali. Surua ikishakupata, basi. Mwaka 1846 daktari Panum alitumwa visiwa vya Faroe, kaskazini kabisa mwa Ulaya, surua imewakumba karibu watu 6,000 kati ya 7,800. Akakuta wazee walioiugua mwaka 1781, miaka 65 nyuma, hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Korona ndogo ndogo zile za mafua ya kawaida, mtu anaweza kurudiwa baada ya mwaka. Manusura wa Ebola wa Sierra Leone walikutwa na mtindo wa ajabu zaidi: kingamwili zinashuka, halafu baadaye zinapanda tena zenyewe, halafu zinashuka, kana kwamba mwili bado unakikuta kirusi mahali. Hakuna namba moja ya kueleza yote hayo.

Na wakati wa Marburg kule Rwanda, Septemba hadi Desemba 2024, wagonjwa 66 na waliofariki 15, wengi mno walikuwa wafanyakazi wa afya. Hao, mlipuko ulipoanza, hawakuwa na kingamwili za aina yoyote za kuwasaidia. Walichokuwa nacho ni glavu, gauni, na mwenzao wa kuangalia kama wamevua sawasawa. Marburg imeshafika Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Kwa muuguzi wa kwetu hiyo si habari ya mbali.

Kuna kipimo kimoja ambacho nitakilipia kwa furaha, binti yangu, nacho ni cha homa ya ini B. Hicho kina mstari unaoeleweka. Ukimaliza dozi zako, ndani ya mwezi 1 hadi 2 unapimwa, na ukifika 10 au zaidi inajulikana mwili umeitikia (hapa Uingereza wanapenda uvuke 100). Baada ya hapo namba ikishuka miaka inayofuata usishtuke, daftari la fundi lipo. Lakini usipofika 10 mwanzoni kabisa, lazima ujue na mwajiri ajue, kwa sababu siku ukichomwa na sindano ya mgonjwa utahitaji tiba ya haraka zaidi kuliko mwenzako. Sindano zinachoma kila wiki, jamani, hilo tunalijua wote tuliowahi kufanya kazi wodini usiku na taa inayokonyeza.

Basi mwanangu, hela ya maabara haiji. Inakuja ya viatu vya kazini, nitumie saizi, na uniambie hizo barakoa za chumba cha kifua mnapewa ngapi kwa wiki na ni za aina gani, piga picha ya boksi. Nijibu pia ulichoma dozi ngapi za ini B na ya mwisho ilikuwa lini. Kaka, wewe nitakupigia Jumapili baada ya chakula cha mchana, ukiwa umeshiba.